Betri Isilale na Njaa



Kama unaishi kando ya Ziwa Tanganyika, huna haja ya kuambiwa dagaa huvuliwaje. Giza likiingia mitumbwi hutoka. Taa huwashwa juu ya maji. Dagaa hufuata mwanga, na nyuma yao huja migebuka kuwala. Wavu huteremshwa, watu husubiri, kisha huvutwa. Bila taa hakuna kazi.

Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Zilikunywa mafuta ya taa usiku kucha, na maji ya baridi yakirukia kioo chenye moto, kioo kilipasuka. Siku hizi mialo mingi hutumia taa za umeme zenye balbu ndogo ndogo, zile ziitwazo LED. Taa hizi hazihitaji mafuta wala utambi. Lakini zinahitaji betri. Kwa hiyo gharama haikuondoka, ila imebadilika sura. Mvuvi aliyekuwa akilia na bei ya mafuta, sasa analia na bei ya betri.

Mimi si fundi wa umeme. Ni afisa wa elimu ya watu wazima, na cheti nilicho nacho ni cha kufundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu. Habari za betri zilinifuata darasani. Siku moja tulikuwa tukisoma maneno yaliyoandikwa kwenye vitu vya nyumbani, kama mfuko wa unga na pakiti ya dawa. Mzee mmoja mvuvi akauliza, "Mwalimu, na yale ya kwenye betri yangu yanasema nini?" Kesho yake akaileta. Tuliiweka mezani, wote tukaisoma. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza mafundi, nikisoma vijitabu vinavyouzwa pamoja na betri, na kupima kwa mita pamoja na wanakisomo wangu. Haya ninayokueleza tumeyapima na kuyaona.

SOMA BETRI YAKO

Chukua kitambaa, ufute vumbi juu ya betri. Utaona namba na herufi. Namba moja ni 12V. Maana yake ni volti 12. Hiyo ni nguvu ya kuusukuma umeme.

Namba nyingine huandikwa hivi: 50Ah, au 75Ah, au 100Ah. Hii ndiyo namba wavuvi wengi hawaiangalii, na ndiyo yenye faida kubwa. Inaonyesha betri inabeba umeme kiasi gani. Ifikirie kama ukubwa wa debe. Betri ya 100Ah ni debe kubwa kuliko ya 50Ah. Betri mpya ya 100Ah ikijaa inaweza kutoa ampea 5 kwa saa 20, kwa sababu 5 mara 20 ni 100.

Utaona pia alama ya kujumlisha (+) na alama ya kutoa (−). Upande wa kujumlisha huitwa chanya, na waya wake kwa kawaida ni mwekundu. Upande wa kutoa huitwa hasi, na waya wake ni mweusi. Ukizigeuza unaweza kuunguza taa au chaja.

Ndani ya betri mna vyumba sita. Katika kila chumba mna mabamba ya risasi yaliyozama katika maji yenye tindikali. Risasi ninayoisema ni madini yale mazito ambayo wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zizame. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Vyumba sita pamoja hufanya 12 na kidogo.

Ninazungumza juu ya betri za namna hii tu, za risasi na tindikali. Ziko betri nyepesi za lithiamu, nazo zina chaja yake na masharti yake. Usizichanganye.

BETRI HUFAJE?

Watu husema betri imezeeka. Mara nyingi si kweli. Betri nyingi za mialoni hufa kabla ya kuzeeka. Huuawa.

Umeme unapotoka kwenye betri, ile tindikali huingia kwenye mabamba na kufanya chumvi nyeupe ya risasi. Hii si chumvi ya kula. Unapoichaji betri, chumvi ile huyeyuka na tindikali hurudi kwenye maji. Hiyo ndiyo kazi ya betri kila siku, na si ugonjwa. Ugonjwa huanza pale betri inapoachwa bila kuchajiwa. Ile chumvi, ambayo jana ilikuwa laini, huanza kuganda na kuwa ngumu. Ikiwa ngumu haiyeyuki tena upesi. Sehemu ya bamba iliyofunikwa na chumvi ngumu haifanyi kazi. Debe limepungua ukubwa. Utachaji siku nzima, fundi atakuambia imejaa, na saa nne za usiku taa zitafifia.

Kwa hiyo yako mambo mawili yanayoua. Kwanza ni kuimaliza betri mpaka tone la mwisho. Pili ni kuiacha ilale ikiwa tupu. Hilo la pili ni baya zaidi, kwa sababu hufanyika wakati mvuvi amelala au yuko shambani, haoni kitu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme una taa 6, na kila taa ni wati 8. Sita mara nane ni wati 48. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 4. Ukiziwasha kwa saa 10, yaani tangu saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri, umetumia 4 mara 10, ambazo ni 40.

Kama betri yako ni ya 100Ah, umetoa 40 na zimebaki 60. Hukufika nusu. Betri hiyo itakushukuru. Kama ni ya 50Ah, umetoa 40 na zimebaki 10. Taa zako zimewaka usiku ule ule, samaki ni wale wale, lakini umeikamua betri. Ukifanya hivyo kila usiku haitamaliza msimu.

Kanuni tunayoitumia darasani ni hii: usivuke nusu. Betri inayotumiwa mpaka nusu tu, kisha ikajazwa, huweza kufanya kazi kwa mausiku mengi zaidi, mara mbili na hata kupita, kuliko betri ya namna ile ile inayomalizwa.

Sasa mtu atasema, betri ya 100Ah ni ghali. Ni kweli. Lakini hesabu haiishii dukani. Tuseme betri ndogo inauzwa shilingi 150,000 nayo inakufa baada ya miezi 6. Kila mwezi umelipa shilingi 25,000. Tuseme kubwa inauzwa shilingi 300,000 nayo inadumu miezi 24. Kila mwezi umelipa 12,500. Weka bei za dukani kwenu mahali pa hizi zangu, uone mwenyewe.

Kama huna fedha za betri kubwa, punguza taa au punguza saa. Usisahau vitu vidogo. Redio inayoimba usiku kucha na simu nne zinazochajiwa chomboni, vyote hula betri ile ile. Tena taa hizi mpya zina tabia ya kudanganya. Karabai ikiishiwa ilikuonya, ilififia mapema ukapiga pampu. Taa nyingi za LED huendelea kung'aa hata betri imebakiza kidogo sana. Ukingoja taa zikuonye, umechelewa.

BETRI YA GARI NA BETRI YA KAZI NDEFU

Wavuvi wengi hununua betri za gari, kwa sababu ndizo zinazopatikana. Betri ya gari ina mabamba mengi membamba. Imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha gari lenyewe liichaji. Haikutengenezwa kuwasha taa mpaka alfajiri. Ukiimaliza kabisa kwa makumi machache ya mausiku, mabamba yake huharibika.

Iko betri nyingine yenye mabamba mazito, iliyotengenezwa kutoa umeme polepole kwa saa nyingi. Madukani huuzwa kama betri ya sola. Huko Marekani wavuvi wa maziwani hutumia betri za jamii hii kuendesha mota ndogo ya umeme inayosukuma mashua taratibu bila kelele. Nao wana shida kama yetu: akikimbiza mota kwa nguvu zote, betri humwisha katikati ya ziwa akarudi kwa kasia. Akienda polepole, anakaa majini mchana mzima. Betri haijui kama inawasha taa au inazungusha mota.

Ukiweza, nunua ya mabamba mazito. Njia rahisi ya kuitambua ni kuinyanyua. Kati ya betri mbili zenye namba sawa za Ah, iliyo nzito zaidi kwa kawaida ina risasi nyingi zaidi. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, aliyekuwa akibandika karatasi yenye 100Ah juu ya betri ambayo mtoto wa darasa la tatu aliweza kuibeba. Betri ya kweli ya 100Ah hukaribia kilo 25 au 30. Anayejua kusoma adanganywe na karatasi, lakini mikono yake isidanganywe.

ASUBUHI, BETRI KWANZA

Tazama desturi ya mwaloni. Chombo kinafika alfajiri. Dagaa wanashushwa, akina mama wanapokea ndoo, bei inapigwa, dagaa wanaanikwa. Wavuvi wanakula na kulala. Betri inabaki ndani ya mtumbwi, juani, mpaka saa 9 alasiri. Ndipo kijana anatumwa kuipeleka kwa mchajishaji. Huko inakuta betri nyingine ishirini. Inachajiwa saa mbili kwa nguvu, inaunguruma na kupata moto, inarudishwa. "Imejaa," wanasema.

Haijajaa. Betri iliyotoa 40 inahitaji kurudishiwa 40 na zaidi kidogo, maana nyingine hupotea njiani. Chaja nzuri kwa betri ya 100Ah ni ya ampea 10 hivi. Ikifanya kazi, chukua saa 6 hadi 8, kwa sababu mwishoni betri hupokea polepole, kama gunia lililokaribia kujaa ambalo lazima ulitikise ndipo likubali tena. Ukiikatiza kila siku kabla ya mwisho, kila siku chumvi kidogo inabaki kwenye mabamba, nayo inaganda. Chaji ya haraka yenye moto mwingi nayo hukausha maji na kubangua mabamba.

Basi betri iwe ya kwanza kushuka chomboni. Itangulie kwenda kuchajiwa wakati dagaa bado wanahesabiwa.

Wenye paneli za jua nao wapige hesabu. Zile 40 tulizotumia, mara volti 12, ni wati-saa 480. Ukiongeza zinazopotea, utahitaji kama 600. Paneli moja ya wati 100, siku ya jua zuri, hutoa kama 400. Haitoshi. Ndiyo maana mwenye paneli moja hulalamika kwamba betri yake ni mbovu, kumbe anailisha mlo mmoja na kuifanyisha kazi ya milo miwili. Tafuta paneli zenye jumla ya wati 150 hadi 200. Wakati wa masika jua hujificha, nawe upunguze taa. Kati ya paneli na betri kiwepo kile kisanduku cha kuzuia chaji isizidi.

MWEZI UKIWA MPEVU

Hapa ndipo ninapotaka usome kwa makini.

Kila mwezi, mbalamwezi inapokuwa kali, taa zetu hazina nguvu. Dagaa hawakusanyiki. Wavuvi hupumzika kama wiki moja, pengine zaidi. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wengine wanakwenda shamba. Na betri je? Betri nyingi hukaa kama zilivyotoka ziwani usiku wa mwisho, zimekamuliwa. "Ya nini kulipa chaji wakati hatuvui?" Nimeyasikia maneno haya kila mwaloni nilikofundisha. Shilingi chache za chaji ya siku ile zinaokolewa, na betri ya laki kadhaa inalala na njaa siku saba, chumvi ikiganda. Fanya hivyo mara kumi na mbili kwa mwaka.

Mwaka 2024 jambo hili lilionekana wazi. Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Watu walifikiria chakula, ada na madeni, na walikuwa na haki ya kuyafikiria hayo. Wachache walifikiria betri. Ziwa lilipofunguliwa, katika darasa langu peke yake wavuvi watano walikuta betri zao hazipokei chaji. Walikuwa wamengoja siku ile miezi mitatu, na usiku wa kwanza walibaki nchi kavu wakitafuta mkopo.

Mama mmoja wa darasa hilo ana betri tatu. Yeye havui. Ni mjane, ananunua dagaa na kuanika, na fedha zake za akiba alizinunulia betri ili azikodishe kwa wenye mitumbwi. Alipoanza kisomo alikuwa hajui kuandika namba inayopita 20. Leo ana daftari lililopigwa mistari. Safu ya kwanza ni tarehe. Ya pili ni alama ya betri, maana ameziandika kwa rangi A, B na C. Ya tatu ni mita ilisemaje betri ilipotoka, na ya nne mita ilisemaje iliporudi.

Mita ni kifaa kidogo cha kupimia volti, bei yake si kubwa. Tulijifunza kuisoma pamoja na ile nukta yake. Betri ikiwa imepumzika saa chache bila kuchajiwa wala kutumiwa, 12.6 au 12.7 maana yake imejaa. 12.2 maana yake iko karibu na nusu. 12.0 imepita nusu, imebaki kama robo. Chini ya 11.9 hesabu kwamba ni tupu. Tazama jinsi namba zilivyokaribiana! Kutoka kushiba hadi njaa ni chini ya volti moja. Ndiyo maana asiyejua kusoma nukta huona "kumi na mbili" tu akaridhika.

Siku moja kabla ya ziwa kufungwa, wavuvi walimrudishia betri B wakasema ni mbovu tangu mwanzo, na kodi ya wiki hawalipi. Mama yule hakupiga kelele. Alileta daftari mbele ya wazee wa mwalo. Kwa mausiku kumi na moja betri B ilitoka 12.7 ikarudi 12.2 au 12.3. Kisha kwa mausiku manne ya mwisho ilirudi 11.6, 11.5, 11.5, 11.4. Mzee mmoja akauliza, usiku ule wa kumi na mbili mliongeza nini? Wakatazamana. Waliongeza taa nne. Walilipa kodi, ingawa ya betri yenyewe hawakulipa. Betri B ilichajiwa siku mbili ikafika 12.5, lakini haikurudia nguvu zake. Anaikodisha kwa bei ndogo kwa mtu mwenye taa mbili.

Katika ile miezi mitatu alizichaji zote tatu mwanzoni, akafungua waya, akaziweka ndani kwenye kivuli. Betri hata ikikaa kimya hupoteza umeme kidogo kidogo, na penye joto hupoteza upesi zaidi. Kwa hiyo kila mwezi alizipima na kuzichaji tena. Tarehe 15 Agosti betri A na C zilikuwa na wateja kabla ya saa sita mchana.

Kama unasoma peke yako na huna mita, tumia kanuni rahisi zaidi: betri ikitoka kazini ijazwe siku ile ile, hata kama kesho hakuna kazi.

MAJI YA BETRI

Betri zenye vifuniko sita juu huhitaji kuongezwa maji. Zisizo na vifuniko usizifungue.

Kinachopungua ndani ya betri ni maji. Tindikali haikauki, inabaki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji peke yake, tena yale maji safi ya betri yasiyo na madini. Maji ya ziwa hayafai, hata yakiwa maangavu, maana yana chumvi chumvi zinazoharibu mabamba. Wako wanaomimina tindikali mpya ili "kuiamsha" betri iliyochoka. Huamka siku mbili tatu, kisha hufa kabisa. Soma chupa kabla ya kumimina. Madukani chupa ya maji na chupa ya tindikali hufanana, na huitwa jina moja na watu wasiosoma.

Mabamba yafunikwe na maji wakati wote. Angalia kila wiki mbili. Ukikuta mabamba yako wazi, mimina maji kidogo yafunike tu, chaji, kisha ongeza mpaka kiwango chake. Ukiijaza kabisa kabla ya kuchaji, itafurika na kumwaga tindikali.

Watu huniuliza kama betri ikiwekwa sakafuni umeme wake hunyonywa na saruji. Kwa betri za siku hizi zenye gamba la plastiki, hapana. Lakini uchafu wenye unyevu juu ya betri unaweza kupitisha umeme kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Ifute. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, bila kuyaacha yaingie ndani, kausha, kaza waya, pakaa grisi. Waya mwembamba mrefu wenye viungo vingi nao hula umeme njiani. Ukiushika ukaona una joto, ubadilishe.

NDANI YA MTUMBWI NA NYUMBANI

Betri isimame wima ndani ya sanduku la mbao au ndoo ya plastiki, ifungwe kwa kamba. Ikipinduka, tindikali huunguza ngozi, hutoboa nguo na hula nyuzi za wavu. Nimeuona wavu mpya ulioraruka kama karatasi mahali ilipomwagika. Ikikupata mwilini, mwagia maji mengi papo hapo. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi robo saa au zaidi, kisha nenda zahanati bila kungoja kesho.

Betri inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Chaji mahali penye upepo, mbali na jiko, kibatari na sigara. Usichaji katika chumba wanamolala watoto.

Na betri iliyokufa? Wako wanaoivunja na kuyeyusha risasi yake jikoni ili wapate vyuma vya kuzamisha nyavu. Mwanakisomo mmoja alikuwa akifanya kazi hiyo nyuma ya nyumba, kwenye sufuria, watoto wakichezea majivu. Risasi ni sumu. Moshi wake na vumbi lake huingia mwilini, na kwa watoto huharibu ubongo, mtoto akawa mzito wa kujifunza maisha yake yote. Hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa ni salama kwa mtoto. Tulizungumza naye, mkewe akiwepo, na sufuria ile ilitupwa.

Betri mbovu ina bei yake ikiwa nzima. Usiivunje, usimwage maji yake ufukweni. Wapo wanunuzi wanaozikusanya na kuzipeleka viwandani, nao hulipa kwa kilo. Kama mwaloni kwenu mna mizani ya dagaa, ipime kwanza, uandike uzito wake kwenye daftari, ndipo umwite mnunuzi.